Nilipokunywa Vidonge vya Macho vya Papa Siku ya Harusi

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza kunicheka, maana aibu niliyoipata siku mdogo wangu Mwamini anaolewa, mbele ya wakwe, mbele ya mtaa mzima na mbele ya vijana wawili wenye bunduki, sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu. Wengine ndio wanaoisimulia, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Bon, leo naisema mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka ule wa uasi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, mji wetu kwenye karatasi uliitwa bado Stanleyville (sisi tulisema Kisangani tangu zamani), na boti kutoka Léopoldville zilikuwa zimeacha kupanda, kwa hiyo sabuni shida, chumvi shida, dawa ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa mshonaji. Kutwa nzima nilikaa barazani kwa Papa nakanyaga mashine, na jioni miguu yangu ilikuwa minene kama kwanga, mkate wetu wa muhogo.

Papa, yaani baba yangu mzazi, Papa Ramazani, alikuwa na ugonjwa wa macho unaoitwa glakoma: presha inapanda ndani ya jicho na kula nuru polepole, bila kelele. Infirmier, muuguzi wa dispensari yetu, Papa Lituka, alimpa vidonge vyeupe vya asetazolamidi, kimoja asubuhi na kimoja alasiri, na siku ile ya kwanza nilikuwepo. Alieleza kwamba dawa hii inapunguza maji yanayosukuma jicho, na kwamba kuna wagonjwa wanaopewa hiyo hiyo mwili ukijaa maji. Alisema na mengine mengi, lakini mimi nilishika hilo la mwisho tu (sikio la mtu husikia linachopenda).

Sasa, asubuhi ya harusi navaa viatu vyangu vyeupe vya kisigino, viatu nilivyoviwinda miezi, na mguu hauingii. Nasukuma, hauingii. Napaka mafuta ya mawese, hauingii, na sasa unateleza. Ndipo nikakumbuka bahasha ya Papa. Ndani mlikuwa na vidonge saba, na Papa Lituka alikuwa ameshasema hajui vingine vitapatikana lini. Nikajiambia, kimoja tu, Papa hataona (mnaona nilivyokuwa na akili, namwibia mtu wa macho halafu nasema hataona). Nikameza. Baada ya nusu saa mguu uko vilevile, nikasema labda kimoja ni kidogo kwa mwanamke wa kilo zangu, alors nikameza viwili pamoja, na miguu nikaibana viatuni kwa nguvu.

Saa nne wakwe wakafika. Walitoka Basoko kwa mtumbwi wenye mota, na mama wa bwana harusi, Mama Zaina, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amebeba kreti mbili za limonadi ya chupa, ile yenye gesi, ambayo mjini hatukuwa tumeiona tangu vita ianze. Watu walizitazama zile chupa kama wanatazama bibi harusi wa pili. Hata vijana wawili wa waasi waliokuwa wakilinda njia panda wakaingia uani na bunduki zao, na nani angewaambia hawakualikwa? Wakawekewa viti karibu na mlango.

Mimi ndiye niliyeshona gauni, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufunga shela kwa pini. Lakini nilikuwa nimeshakwenda chooni mara tatu, nikarudi, nikaenda ya nne, shangazi mmoja akauliza kama nimeweka duka huko. Na niliposhika pini, vidole vikaanza kunichonyota, vidole, midomo, hata nyayo, kama nimekalia siafu. Pini ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikamwingia Mwamini begani.

"Yaya, unaniua!" Mwamini akalia; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Tulia, iko mwisho," nikasema, na haikuwa ya mwisho.

Ndoa ikafungwa salama, namshukuru Mungu. Kisha Mama Zaina mwenyewe akapita na sinia akinipa glasi ya kwanza, kwa heshima, mimi dada mkubwa. Uani wote wanangoja nionje. Nikapiga funda moja kubwa, na jamani, ile limonadi ilikuwa na ladha kama nimelamba msumari wenye kutu. Ningemeza kimyakimya ingekwisha hapo. Badala yake nikaitema chini, mbele ya miguu ya mama mkwe wa mdogo wangu, nikapaza sauti:

"Mumetia kitu gani humu? Hii iko na sumu!"

Neno lile, mwaka ule, halikuwa la mzaha. Watu walikuwa wanapotea kwa maneno madogo kuliko hilo. Glasi zote zikashuka kwa pamoja, mtoto akanyang'anywa yake akaanza kulia, na wale vijana wawili wakasimama. Mkubwa wao akaishika bunduki vizuri.

"Nani anatia sumu? Ni weye, mama?"

 Mama Zaina alichukua glasi yangu ileile, pamoja na mate yangu, akainywa yote hadi tone la mwisho, akairudisha kwenye sinia.  Mimi nilitaka ardhi ipasuke, na zaidi ya yote nilitaka kwenda chooni.

Ndipo Papa akainuka. Hakuwa mtu wa haraka, tena kwa macho yale alitembea akipapasa migongo ya viti. Akaja mpaka kwangu, akanishika mkono.

"Sakina, mwanangu. Vidole vinakuchoma kama siafu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na tangu asubuhi unakojoa bila kupumzika?"

Mbele ya watu mia, mabwana, mashehe, wakwe. Nikasema ndiyo.

"Na kinywaji cha gesi kinakupa ladha ya chuma." Akawageukia wale vijana, akasema polepole, "Wanangu, kaeni. Limonadi haina kosa. Ni dawa yangu ya macho, inafanya hivyo hivyo kwangu kila siku. Mtoto wangu amekula dawa yangu."

 Halafu yule kijana mkubwa akaanza kucheka, akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani, na ua mzima ukamfuata. Mimi nikakimbia chooni viatu mkononi.

Ningefurahi kama mkasa ungeishia kwenye kicheko. Lakini vidonge vilibaki vinne, siku mbili tu. Siku ya tatu Papa hakuwa na kitu, na ya nne jicho la kushoto likawa jekundu, linamuuma mpaka anatapika. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Papa Lituka akamtia matone aliyokuwa nayo, akaniandikia karatasi, nikavuka mto hadi ng'ambo ya kushoto, nikabembeleza kwenye misheni moja mpaka masista wakanipa vidonge ishirini. Presha ilishuka. Ila pembeni mwa jicho lile Papa hakuona tena. Ukimjia kushoto lazima useme kwanza.

Papa Lituka alinikalisha chini. "Miguu yako inavimba kwa kukaa, Sakina. Inuka utembee, iweke juu ukipumzika. Isiposhuka, kuja nipime moyo na figo. Na je, kama ungekuwa mtu anayetoka vipele kwa dawa za sulfa, jamii ya hii? Tungekuzika na harusi bado. Hata baba yako mwenyewe, akisahau kimoja hamezi viwili pamoja, anakunywa maji, aspirini haigusi bila kuniuliza, na mbavu zikimuuma anakuja, isije ikawa mawe ya figo. Weye ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

Kwa Mama Zaina nilikwenda kupiga magoti kabla hawajarudi Basoko. Alinisikiliza bila kucheka, akanisamehe kwa kuitikia kwa kichwa, kisha akatazama kushoto na kulia, akanivuta karibu na kuinua kanga kidogo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikibonyeza, shimo linabaki.

"Ile dawa," akanong'ona, "hamuna hata kamoja?"

Nikamwambia hapana, mama, nikamshika mkono mpaka dispensari. Papa Lituka aliweka sikio kifuani kwake kwa muda mrefu, akasema moyo umechoka, na ni heri amefika, akampa dawa yake yeye, tofauti kabisa, na bahasha ikaandikwa jina lake. Tangu siku hiyo kidonge kisichoandikwa jina langu hakipiti kooni mwangu, hata unibembeleze vipi.