Keki ya Mistari Kumi na Minne

Wananchi wote, waungwana kwa wasio waungwana, wenye meno na waliobaki na ufizi, wanatangaziwa rasmi kwamba katika nyumba ya bati jekundu nyuma ya shule ya msingi anaishi mwanamke aliyegundua namna ya kuoka keki bila saa. Ugunduzi huu haujapewa cheti wala nishani. Mwenyewe akipongezwa huinua macho, huangalia kama aliyempongeza amekuja kununua, kisha huendelea kufuma.

Majirani walimwita Mama Nyuzi kwa sababu hakuonekana bila uzi. Uzi mapajani, uzi kwapani, na siku nyingine uzi ndani ya keki, ambapo mteja aliyeuvuta akidhani ni unywele aliambiwa ashukuru kwamba ni uzi. Alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, na vidogo vya kuwekwa juu ya vile vikubwa. Alioka pia. Biashara zote mbili zilifanyika kwa wakati mmoja, juu ya kigoda kimoja, mbele ya oveni ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Ukishafungwa, hakuna kuchungulia: kuufungua ni kazi ya koleo, kuufunga tena ni kazi ya koleo na matusi, na kufikia hapo keki imeshashuka kama mtu aliyesikia habari za msiba.

Saa ya ukutani ilikufa mwaka mmoja na mumewe, naye hakuona haki kumtengeneza mmoja na kumwacha mwenzake. Kwa hiyo alipima muda kwa mkono. Keki ikiingia, mstari wa kwanza wa kitambaa unaanza. Mstari wa kumi na nne ukiisha, koleo. Walimwonyesha saa ya kwenye simu. "Simu inajua saa," alisema, "haijui keki."

Sasa, kulikuwa na wifi. Marehemu, kwa upole uleule uliomfanya asimalize jambo lolote maishani, aliiacha nyumba kwa mke na dada kwa pamoja, akaenda zake kupumzika. Kila mchana wifi aliketi mlangoni pa jiko na ungo wake, akichambua mchele na tabia za watu.

"Wifi, mbona ukifuma unabana mdomo? Ndiyo maana kaka yangu alikuwa analala mapema."

"Alikuwa anakukimbia wewe."

"Na hiyo keki, umeweka sukari au umeitajia tu jina lake?"

Hapo Mama Nyuzi alisimamisha sindano, akajibu, akapoteza hesabu ya vitundu, akafumua nusu mstari, akaanza upya. Siku zilikwenda hivyo miaka tisa.

Ugomvi wa kweli uliletwa na fundi redio. Wifi alimleta mchana mmoja kama mpangaji mtarajiwa, naye akapima kwa futi mahali pa oveni na kusema kitanda chake kitaenea.

"Wifi, jiko hili linakula chumba kizima kwa ajili ya keki tatu," alisema wifi. "Mwisho wa mwezi likiwa limepata kazi ya kueleweka, libaki jiko. Lisipopata, kinaingia kitanda. Tutapikia uani kama watu."

"Wewe hata ukipewa ikulu utapangisha geti."

Fundi redio alicheka. Hilo ndilo lililoharibu mambo. Kutukanwa wifi alikuwa amezoea, lakini kuchekwa na mtu mwenye futi mkononi hakukubali. Akachukua ungo wake, akaingia chumbani, akanuna. Akanuna Jumatatu, akanuna Jumanne, akawa anapita jikoni kuchota maji kama anapita makaburini.

Mama Nyuzi aliona ni neema, hasa kwa kuwa Jumanne hiyo hiyo kazi ya kueleweka ilikuja kwa miguu yake. Katibu muhtasi wa ofisi moja ya barabara kuu aliingia na viatu vya kisigino, akakagua oveni, akakagua waya, akajikaza. Mkuu wao alikuwa anastaafu Jumamosi. Walitaka keki moja kubwa. Ikipendeza, ofisi ingechukua keki za chai kila wiki.

Jumatano akaoka ya majaribio. Mstari wa kumi na nne, koleo, na katikati ya keki palikuwa na bwawa. Alhamisi, bwawa tena. Alibadilisha unga. Alibadilisha mayai, akamtazama kwa jicho baya mwenye duka la mayai. Akaongeza mistari hadi ishirini na miwili, lakini kufikia wa kumi na nane hofu ilimfanya akosee, akafumua, akafuma, akafumua tena, na kilichotoka kingeweza kuezekea banda.

Ijumaa, akiwa ameshika bwawa la tatu, ndipo kengele ya shule ilipolia. Akashangaa. Kwa miaka tisa, keki ya mchana ilitoka kengele ikilia. Akatoka na aproni yake hadi getini kwa mlinzi wa shule.

"Baba, kengele yenu siku hizi mnaichelewesha kwa nini?"

"Kengele iko palepale, mama. Labda wewe umewahi."

Alirudi taratibu. Mkono wake haukuwa umewahi kitu tangu azaliwe. Akaketi kwenye kigoda, akatazama mlango wa jiko, akauona mtupu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema kwamba mshindo wenyewe huiangukia keki. Mistari yake kumi na minne haikuwa ya kufuma tu. Ilikuwa kufuma, na kutukanwa, na kujibu, na kufumua.

Mtu mwingine angesubiri kengele. Lakini keki ilikuwa ya Jumamosi, na Jumamosi shule hulala. Mtu mwingine tena angeomba msamaha. Mama Nyuzi alitafakari, akaona kuliko msamaha, afadhali saa.

Jumamosi asubuhi alimimina unga kwenye chombo kikubwa, akaingiza, akakaza waya. Akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Wifi, nimeamua. Jiko linabaki jiko."

Akafuma vitundu vitatu, polepole.

"Na chumba chako nitawekea nyuzi."

Mlango ukafunguka.

"Umeamua wewe na nani?"

"Mimi na sufuria."

Wifi akaja na ungo wake, akaketi mlangoni na siku tano za maneno yaliyolala bila kupata pa kutokea. Alianzia kwenye harusi, ambako wali ulikuwa mbichi, akashuka mwaka kwa mwaka. Mama Nyuzi alijibu, akafumua, akafuma. Mstari wa kumi na nne ulipoisha, wifi alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye maziko.

"Subiri hapo hapo," alisema Mama Nyuzi, akachukua koleo.

Keki ilikuwa imesimama kama jengo la benki.

Ukumbini walikwenda wote wawili, wifi akiwa bado hajamaliza maziko. Mkuu mstaafu alikula vipande vitatu, akafuta mdomo, akasimama. Alisema ametumikia umma miaka thelathini na minne. Amekula keki za mawaziri na keki za maharusi, lakini kwa heshima na taadhima, mbele ya watumishi wote, anatamka kwamba hajapata kuonja kitu kama hiki. Katibu muhtasi alitikisa kichwa kukubali na kuandika kwenye daftari: kila Jumanne. Watu wakapiga makofi.

"Mama, kabla sijaondoka katika utumishi huu," akasema mkuu, "tuachie siri. Nini hasa kinaifanya iwe hivi?"

Mama Nyuzi alitafuta ncha ya uzi mfukoni.

"Wifi yangu hanyamazi," akasema.