Gauni la Kuvutika

Mtaani walimwita Rula, na jina hilo hakujipachika. Alipewa na wateja wake, kwa jinsi mishono yake ilivyonyooka. Siri yake ilikuwa mikononi. Alikishika kitambaa mkono mmoja mbele ya sindano na mwingine nyuma, akakivuta mpaka kikakaza, ndipo akakanyaga pedali. Shangazi yake alimfundisha hivyo, na ole wake aliyelegeza mikono mbele ya shangazi yule! Kwa mtindo huo Rula alishona mapazia, sare za shule na magauni ya harusi kwenye cherehani yake ya nyumbani, na hakuna kitambaa kilichowahi kumletea jeuri. Mpaka dada yake alipoleta hiki.

Kilikuwa kitambaa cha jezi, rangi ya zambarau, laini kama fulana ya kulalia. Ukikivuta kinakufuata, ukikiachia kinarudi kwao.

"Nishonee gauni, mdogo wangu," dada yake alisema. "Shingo pana, bila zipu, bila vifungo. Nataka niingize miguu, nilipandishe, basi."

Rula hakuhitaji kuuliza kwa nini. Dada yake alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na muhula uliopita alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika bega. Mfupa uliunga, lakini mkono wa kulia haukupanda tena kupita kifua, na vidole vyake havikuweza kushika kifungo. Alihamia kwa Rula, na kila asubuhi Rula ndiye aliyemvalisha. Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na dada mtu alikuwa ameshatoa kauli mezani.

"Siku nitakayovaa mwenyewe ndiyo siku nitakayorudi kazini, na kwangu. Siwezi kwenda kuwafundisha watoto kufunga viatu na mimi nimevalishwa kama wao."

"Si anunue tu la dukani?" mume wa Rula aliuliza.

Rula alimtupia jicho, bwana yule akarudi kwenye chai yake. Dada yake Rula avae gauni la dukani! Afadhali cherehani iuzwe.

Basi Jumamosi asubuhi akakata, akabana pini, akaketi. Akakishika kitambaa mbele na nyuma, akakivuta, akakanyaga. Mshono wa kwanza ulipotoka chini ya sindano, alidhani macho yanamdanganya. Ulikuwa umejaa mawimbi kutoka kwapani hadi kiunoni. Juu ya hayo, sindano ilikuwa ikiruka, inashona hapa, inapaacha pale. Akafumua, akarudia, akavuta zaidi, maana dawa ya mshono kupinda aliyoijua yeye ilikuwa kuvuta. Mawimbi yakazidi. Mara ya tatu cherehani ikaukamata ukingo wa kitambaa, ikaumeza chini ya bamba la sindano, ikakwama huku ikinguruma.

"Tapika!" Rula aliifokea. "Nimesema tapika!"

Ilibidi akichomoe kitambaa kwa kibano cha nyusi, na ukingo ukatoka umetafunwa.

Mchana dada yake alilijaribu gauni kama lilivyokuwa. Rula alipiga magoti, akalikamata gauni kwa mikono yote miwili na kulipandisha kwa nguvu. Lilipofika kwenye nyonga, uzi ukaanza kukatika, tatata, upande mzima. Kitambaa kilivutika, lakini mshono ule ulionyooka haukujua kuvutika. Dada yake alisimama na gauni limeachama ubavuni, akiangalia ukuta.

"Haidhuru," alisema.

Neno hilo lilimchoma Rula kuliko kama angetukanwa. Alikwenda dukani kwa muuza nyuzi akiwa amekunja uso, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie. Fundi mzima, na umri ule, anauliza habari za sindano! Muuza nyuzi alimpa sindano ya jezi, ile yenye ncha butu kidogo inayopenya kati ya nyuzi bila kuzitoboa, akamwambia aweke zigizaga nyembamba ili mshono uweze kunyumbuka. Rula alishukuru nusu nusu, akaondoka.

Jumapili baada ya chakula alianza upya na kitambaa kilichobaki, na hakikuwa kingi cha kuchezea. Sindano haikuruka tena. Uzi haukukatika tena. Lakini mawimbi yalikuwa pale pale, yanamcheka. Akafumua ubavu mmoja. Akashona. Akafumua. Kitambaa kilianza kuchoka, naye pia. Hatimaye hasira zikampanda, akautupa mkasi ukagonga mguu wa meza.

"Kitambaa gani hiki kisichoshikika! Nimekishika kwa nguvu zangu zote!"

Dada yake alikuwa amekaa kitini nyuma yake tangu mwanzo, mkono wake mbovu mapajani.

"Ndiyo maana," alisema. "Unakivuta."

"Dada, nimeshona miaka yote hii, usinifundishe..."

"Kushona sijui. Kuvutwa najua. Kila asubuhi unaukamata mkono wangu unauvuta upite kwenye nguo. Nami nanyamaza, kwa sababu nakuhitaji. Mkono ungepita wenyewe, Rula. Polepole, lakini ungepita."

Rula aliinama kuuokota mkasi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha aligeukia cherehani, akalegeza skrubu ya juu ili mguu wa cherehani usikikandamize kitambaa sana, akaweka viganja viwili bapa mezani kando ya kitambaa, akakanyaga. Mikono ilimuwasha kukivuta. Kitambaa kilikwenda chenyewe, taratibu, na mshono ukalala. Alimaliza akiwa na jasho kama aliyetwanga gunia zima. Ubavu wa pili, uliokwisha kushonwa kwa kuvutwa, haukustahimili tena kufumuliwa, ukabaki na mawimbi yake.

Dada yake alilichukua gauni, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Rula alisimama nje. Alisikia pumzi, kisha kishindo cha kiti, kisha tusi ambalo hakujua kwamba walimu wa watoto wadogo wanalijua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Dada, nije?"

"Usije."

Alisubiri. Mlango ulipofunguliwa, bega moja la gauni lilikuwa limeteremka na nywele zimemvurugika dada yake, lakini alikuwa ndani ya gauni, mikono yote miwili.

"Ubavu una mawimbi," Rula alisema.

"Nimeyaona. Nipishe nipite, nikapange vitu vyangu."

Jumatatu asubuhi Rula aliamka kwa mazoea, akaenda chumba cha dada yake kumvalisha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limepinda upande mmoja. Sanduku halikuwepo. Alirudi akaketi mbele ya cherehani, na kwa muda mrefu hakujua mikono yake aiweke wapi.