Nywele za Mbele za Msusi

“Shoga, unasuka vichwa vya mtaa mzima, mbona chako hatujakiona hata siku moja?”

Aliyeuliza ni mshonaji wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mdomo usiojua likizo, aliyekuja kuazima mkasi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini wateja waliokuwa vitini waliinua macho, na msusi akajikuta ameshika kitambaa chake cha kichwani kama mtu anayeogopa upepo. Alimjibu kwamba siku akishonewa gauni la bure atakivua. Wakacheka, yakapita.

Moyoni hayakupita. Chini ya kitambaa kile panja zake zote mbili, pale kando ya paji la uso, zilikuwa tupu, laini kama kiganja. Saluni yake ilisifika kwa kukaza. Mteja alitoka pale nyusi zimepanda, kulala anatafuta ubavu wa kulalia, lakini rasta zake zilikaa mpaka mwenyewe azichoke. Msusi naye alisukwa na mdogo wake, aliyefanya naye kazi, na kila nywele za mbele ziliporudi nyuma alimwambia avute zaidi, ili zilizobaki zifike kufunika palipo wazi. Akawa anaziba shimo kwa kulichimba.

Ndipo akapiga moyo konde. Alianza na kliniki moja ya ghorofani yenye picha za watu wanaocheka, akaambiwa achague tu siku ya kupandikizwa nywele. Hakuna aliyemwomba hata avue kitambaa. Aliaga kwa adabu, akashuka ngazi zake.

Daktari wa ngozi wa hospitali, binti ambaye msusi angeweza kumzaa, alikivua kwa mikono yake. Akammulika panja na kisogo kwa lenzi ndogo, taratibu, bila kuguna. Akamweleza kwamba nywele hutolewa kisogoni moja moja na mizizi yake, kwa ganzi, zikapandwa mbele; kwamba mwanzoni hupukutika na kumweka mtu roho juu, kisha huota polepole kwa miezi. Halafu akauliza nani anamsuka, na kama huyo mtu anavuta.

“Anavuta kwa sababu mimi ndiye ninayemwambia avute,” msusi alisema.

“Basi mama, nikikupandia leo nawe ukaendelea, utang'oa na hizi nitakazokuwekea. Fumua kwanza, zipumzike. Ukirudi tutajua zipi zimekufa na zipi zimelala tu.”

Nyumbani mumewe, ambaye kichwa chake unaweza kujitazamia, alisema yeye alioa mtu, hakuoa nywele. Alijibiwa kwamba upara wake ulimjia kwa heshima za uzee, lakini huu wa mkewe umeingia bila hodi. Dada mkubwa wa msusi ndiye aliyemchoma, alipouliza kama huko si kumkosoa Muumba. Msusi alilipeleka jambo lile katika sala, akalikalia, mpaka moyo wake ukatulia. Walipokutana tena alimwambia dada yake kwa upole kwamba meno yake ya bandia ndiyo anayoshukuria chakula kila siku, na hajasikia Muumba akinung'unika. Dada mtu alicheka mpaka akaziba mdomo.

Kazi kubwa ilikuwa saluni. Alifumua, akavua kitambaa, akasimama nyuma ya viti vyake panja nje, kila anayeingia aone. Wa kwanza alipoketi na kumwambia akaze kama kawaida, msusi aliinama mbele yake. “Nitazame mimi kwanza, mwanangu, ndipo uniambie nikaze.”

Mteja alimtazama, akaomba alegeze. Wengine waliondoka kwa mshangao, kisha baadhi yao wakarudi. Mshonaji alikuja kuchungulia kisha akasema alidhani kuna jambo baya zaidi.

Miezi ikapita. Msusi aliporudi hospitalini, daktari alimulika tena, na safari hii akatabasamu. Panja ya kushoto ilikuwa imeanza kuota yenyewe, vijinywele laini kama vya mtoto mchanga. Ya kulia haikuwa na kitu. Mizizi yake ilikwisha. Wakakubaliana siku ya upasuaji.

Siku hiyo mdogo wake alimsindikiza, akiwa na picha ya msichana ambaye nywele zake zinakaribia nyusi, akataka dada yake afanywe vile. Daktari alicheka, akampa msusi kioo, akachukua kalamu ya kuchorea na kumuuliza mstari wa nywele upite wapi. Msusi alijitazama sana. Alikuwa mtulivu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia anayoijua.

“Hapo kushoto paache, panaota penyewe. Nipandie hapa kulia tu. Na usiushushe mstari, daktari wangu, uweke juu kidogo kama wa mtu wa umri wangu, ili wakiniona wanijue ni mimi.”