Uzinduzi wa Sufuria Tupu

Habari kwamba nimetajirika niliipata kwa mama yangu. Alinipigia simu asubuhi kutoka Usoke, nikiwa bado napiga mswaki, na hata shikamoo yangu hakuingoja iishe.

"Marahaba mwanangu, marahaba. Tumesikia redioni. Mungu ni mkubwa. Sasa lile paa la jikoni..."

Nikamwuliza wamesikia nini. Akacheka, akaniambia nisijifanye sijui, kwani redio imesema walimu nchi nzima wanachekelea. Nikajitazama kwenye kioo. Mwalimu niliyemwona humo alikuwa na povu mdomoni na usingizi machoni, na kama alikuwa anachekelea basi alikuwa anachekelea kwa siri.

Ninafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Kigwa, kando ya reli. Nimekaa hapo muda mrefu hata baadhi ya wazazi wanaokuja kunigombeza niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe. Jana yake, redio moja ya mjini Tabora ilikuwa imetangaza mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mishahara ya walimu imepanda, na kwamba serikali imemwaga mamilioni kwenye shule za wilaya yetu, shule yetu ikitajwa kwa jina. Yote mawili yalikuwa kweli. Hapo ndipo ilipokuwa shida, maana uongo ningeukanusha nikalala.

Kilichopanda sana ni kima cha chini, mshahara wa kijana anayeanza kazi. Sisi tuliootea mvi ubaoni tuliongezwa kidogo, na kidogo chenyewe kikapitia kwanza kwenye bima, kwenye mfuko wa uzeeni na kwenye mkopo wa benki, kila mmoja akimega tonge lake. Kilichonifikia kilinunua mche wa sabuni na mafuta ya kupikia, nikashukuru. Na yale mamilioni yalikuwa ya kujenga darasa moja. Fedha ya darasa ni ya darasa. Ukiinunulia hata chumvi utajieleza mbele ya mkaguzi mpaka ulimi ukauke.

Hayo redio haikuyasema. Sijui kwa nini watangazaji wanapenda sana kusema fedha zimemwagwa. Mimi nikimwaga maji uani, hata kuku wanajua yameangukia wapi. Mamilioni yalimwagwa, na wa kwanza kuyaona walikuwa mafundi wa matofali, tena nao walikuwa wanalalamika.

Utajiri wangu ulinitesa kwa namna zake. Kamati za harusi za watu nisiowajua zikanikumbuka. Mwenye genge akaanza kunichagulia nyanya kubwa kubwa, kwa bei kubwa kubwa, akisema mtu wa hadhi yangu asile nyanya zilizopondeka. Wifi yangu akanisifia kwamba hata ngozi imebadilika. Ngozi ilikuwa ileile. Ni jua la kiangazi tu lilikuwa limepungua. Haya yote niliyacheka, na mengine niliyafurahia.

Lililoninyima raha ni mahindi.

Kwetu, mtoto wa darasa la nne na wa darasa la saba hubaki shuleni mchana kwa sababu ya mitihani. Wengine wanatoka ng'ambo ya mbuga, wanaondoka nyumbani giza bado halijapungua. Kwa hiyo kila kaya ilikuwa inaleta mahindi na maharage baada ya mavuno, na mama mmoja wa kijijini alikuwa anatupikia makande kwenye sufuria kubwa nyuma ya ofisi. Hakuna aliyeyatangaza makande hayo redioni, na yalikuwa yanaivishwa kila siku.

Baada ya tangazo, mahindi yakakoma. Mzazi ukimwuliza anakushangaa: serikali imeleta hela, mahindi yetu ya nini tena? Mwingine anakutazama tumboni, kana kwamba mamilioni yenyewe yamehifadhiwa humo. Stoo ikafagiliwa mpaka ikabaki na panya mmoja, naye akahama.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba mmoja mkulima wa tumbaku, mtu mrefu, mkarimu, mwenye redio ndogo aliyoifunga kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli. Aliposikia shule ya kijiji chetu inatajwa alifurahi mpaka akazunguka nyumba kwa nyumba kuwapa habari wasiokuwa na redio. "Tumekumbukwa!" alikuwa anasema. "Hata sisi tumekumbukwa!" Na mtu akitaka kupeleka debe lake shuleni, alimzuia kwa nia njema kabisa.

Binti yake alikuwa darasa la saba, kwenye darasa langu. Hesabu alikuwa anazifanya haraka kuliko ninavyoziandika ubaoni, na kama kulikuwa na mtoto wa ng'ambo ya mbuga wa kwenda sekondari, nilijua ni yeye. Makande yalipokoma akaanza kunipotelea. Asubuhi alikuwa mzima. Mchana anaegemeza kidevu kwenye ngumi, macho wazi, namwita jina na hasikii. Siku moja alisimama kujibu swali, akasahau swali, akacheka kwa aibu, akakaa. Mtihani ulikuwa unakaribia. Niliogopa, na nasema wazi, nilimchukia baba yake.

Tukaitisha mkutano wa wazazi. Nikajipanga vizuri, nikamgeukia yeye.

"Baba, msimu huu redio ilisema bei ya tumbaku imekuwaje?"

"Imepanda, mwalimu."

"Na wewe uliuza kwa bei hiyo?"

Mkutano mzima ukacheka. Yeye akasimama kunielimisha. Akaeleza kwamba bei ya redioni ni ya jani la daraja la juu, ambalo yeye na jirani zake hawajapewa tangu mabani yao ya kukaushia tumbaku yajengwe. Kwamba jani lako zuri likifika sokoni linashushwa daraja. Kwamba halafu inakatwa mbolea, zinakatwa mbegu, kinakata chama cha ushirika, na unachorudi nacho nyumbani mkeo anakuuliza kama umeibiwa njiani. Alieleza vizuri hata nikatamani kumpa chaki.

"Basi na mshahara wangu ni hivyo hivyo," nikasema. "Na hela za darasa ni hivyo hivyo. Mlichosikia ni bei ya redioni."

Wakapiga makofi. Wakanisifu kwamba nimejenga hoja. Wakaenda makwao, na mahindi hayakuja.

"Mwalimu," yule baba aliniambia tukiagana, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwongo, "bei ya tumbaku wanaitaja ya watu wote. Lakini shule yetu wameitaja kwa jina. Hawawezi kututaja bure."

Basi Mungu akaniletea mtani.

Mtangazaji aliyeisoma ile habari ni Mzaramo aliyeoa Tabora na kuhamia. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana hadharani, akakunyang'anya kitu chako mkononi, na ukikasirika aibu ni yako. Kitu chako utakipata ukikigomboa kwa anachotaka yeye. Mtani wangu alikuja na pikipiki kupiga picha za darasa jipya, na aliponiona tu akaanza.

"Mtani, mbona hujanenepa? Hela zote zile?"

"Ningenenepaje wakati unazitangaza kabla hazijafika?"

"Mnalalamika nini? Babu zenu walibeba meno ya tembo kwa miguu mpaka kwetu bila kulalamika. Wewe umeongezwa mshahara umekaa kivulini unanuna."

"Walibeba," nikamwambia. "Nyie mlikuwa mmekaa mnakuna nazi mkisubiri kuletewa. Na mpaka leo bado mnasubiri kuletewa, hata habari."

Akacheka, nami nikakichukua kinasa sauti chake mkononi, nikakifunga kwenye pindo la kitenge changu. Akatazama huku na huku. Walimu wenzangu wakatazama juu, kama watu wanaokagua mabati. Akajua ameshikwa.

"Haya, nikigomboe kwa kitu gani? Soda?"

"Kaa hapa mpaka mchana. Ule wanachokula wanafunzi."

Alikubali kwa furaha iliyonipa aibu kidogo. Alisema makande ya Unyamwezi amesikia yakisifiwa sana. Akavua jaketi, akakaa kwenye benchi karibu na jiko, akanisimulia habari za mji wote.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka. Wengine wakaenda bombani wakanywa maji, wakarudi, wakanywa tena. Wachache walikuwa na matobolwa mfukoni, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, wakawa wanavimung'unya polepole ili visiishe. Wengi walikaa tu ukutani. Mtani wangu akasubiri. Akatazama jiko, lilikuwa baridi. Mama mpishi, ambaye bado alikuwa anakuja kila siku kwa kuwa nyumbani alikuwa hawezi kukaa, akatoka na sufuria yake aliyoisugua mpaka inang'aa.

"Mtani, chakula kiko wapi?"

"Iulize redio."

Hakucheka. Kwa Mzaramo hiyo ni dalili ya ugonjwa. Kisha akaniambia kweli yake: yeye husoma anacholetewa. Habari inafika imeshaandikwa, maneno ya kumwagwa na ya kuchekelea yakiwa humo tayari. Na hata akitaka kuja kuuliza fedha ni za nini na si za nini, mkubwa wake hapitishi habari ya shule isiyokuwa na uzinduzi. Lazima pawe na mgeni rasmi. Lazima utepe ukatwe.

"Mbona hilo ni dogo?" nikasema. "Tuzindue."

"Tuzindue nini?"

"Hiyo sufuria."

Alinitazama, akatazama sufuria, na utani ukamrudia usoni. Tukapata uzi wa kushonea tumbaku, tukaizungushia sufuria mara kadhaa. Mtani akakataa kuwa mgeni rasmi, akasema mtangazaji hawezi kujitangaza mwenyewe, kwa hiyo cheo kikamwangukia mama mpishi. Akajifunga kitenge upya. Nikakifungua kinasa sauti kutoka kwenye pindo langu nikamrudishia mwenyewe, maana alikuwa ameshalipa. Watoto wakapangwa mstari. Mama mpishi akakata uzi kwa kisu cha vitunguu, akakohoa kama wakubwa wanavyokohoa, akasema:

"Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba sufuria hii, kuanzia leo, ni tupu rasmi. Naomba muitunze."

Watoto walicheka wakashikana. Tulikuwa hatujasikia kicheko hicho mchana kwa muda mrefu. Kikiwa bado hakijaisha, mtani akamsogelea yule binti wa darasa la saba, aliyekuwa amesimama mbele, akamwuliza leo amekula nini.

"Shikamoo. Maji," akasema.

"Marahaba. Na jana?"

"Jana pia. Lakini tumeshazoea."

Habari ilitoka kesho yake jioni, mara tu baada ya bei za tumbaku, saa ambayo kijiji kizima huwa kimetega masikio. Mtani alitimiza ugomboaji wake na zaidi. Alisema darasa ni darasa na chakula ni chakula, akauliza hewani ni nani alisema fedha zile ni za makande, akajijibu kwamba hakuna, hata yeye. Hotuba ya mama mpishi ilisikika yote. Nilikuwa jikoni kwangu nikawasikia majirani wanavyoangua kicheko, nyumba hii na ile. Kisha ikaja sauti ya yule mtoto, nyembamba, yenye adabu. Vicheko vikakatika. Mimi mwenyewe nilizima jiko nikakaa.

Asubuhi, kabla ya paredi, baba yake alikuja akiisukuma baiskeli, gunia la mahindi limelala nyuma. Redio haikuwa kwenye usukani. Nilikuwa nimekesha nikiyapanga maneno ya kumwambia, makali, mengine nilikuwa nimeyarudia kwa sauti nikiwa peke yangu. Aliegemeza baiskeli ukutani, hakufungua gunia.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, baba."

"Kila jioni nilikuwa namwuliza," akasema. "Akirudi tu. Leo serikali imewapikia nini? Ananiambia makande. Juzi akaniambia siku hizi wanatia na karanga. Nikaenda kilabuni nikawasimulia watu, karanga zile."

Nikamwuliza kwa nini mtoto alisema hivyo. Maneno yangu yote makali sijui yalikwenda wapi.

"Nimemwuliza usiku." Akalishika gunia kwa mikono miwili, kama anataka kulishusha, lakini hakulishusha. "Ameniambia, 'Baba, ulikuwa umefurahi sana.'"