Gari la Tata Lilipoacha Kunguruma

Enzi zetu gari lilisikika kwanza, likaonekana baadaye. Wenzangu mliokulia Kaagya na vijiji vya jirani, wakati Mwingereza bado anatutawala, mnajua ninachosema. Siku hizi mambo yamegeuka. Juzi mjukuu wangu aliingiza gari lake jipya hadi uani, nami nimeinama naanika maharage, nisisikie chochote mpaka kivuli chake kikaniangukia mgongoni. Nilipiga yowe, ungo ukaenda huku na maharage kule. Yeye akacheka hadi akashika tumbo. "Bibi, hiyo ndiyo teknolojia!" Teknolojia gani ya kumnyatia mtu nyumbani kwake? Mimi gari lisilo na sauti siliamini, na sitaliamini hadi naingia kaburini. Nina sababu zangu.

Baba yetu, tuliyemwita Tata kama watoto wote wa Kihaya, alikuwa na gari. Msifikirie gari la kupendeza. Lilikuwa gari dogo la Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye alipohama aliliacha likiwa limechoka kabisa. Tata alilikata sehemu ya nyuma, akalijengea bodi ya mbao, akawa anapakia magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi na watu kwenda mjini Bukoba. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka tangu siku za huyo Mzungu. Likinguruma, kuku walikimbilia ndani na wazee walikatiza mazungumzo. Shuleni mwalimu alitunyamazisha mpaka lipite, kwa maana hata yeye alikuwa hajisikii.

Tulilipenda vile vile lilivyo. Likianza kupanda kilima cha kanisa, Mama alibandika ndizi. Likifika kwa Ta Ishengoma, jirani yetu, maharage yalikuwa yanaingia chunguni. Tata akizima injini uani, jani la mgomba lilikuwa limeshatandazwa sakafuni na katogo la ndizi na maharage linafuka moshi juu yake, nasi tumelizunguka, tumeshanawa mikono. Hatukuwa na saa wala hatukuitaka. Katika michezo yetu tulichonga magurudumu kwa shina la mgomba, tukayachomeka kijiti, mmoja akawa dereva, mwingine injini. Mimi siku zote nilikuwa bomba la moshi, kwa sababu ya mdomo wangu.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wakilisikia wanatuona washamba. Tulikuwa tunaogopa mumiani. Ilisemekana kuna watu wanaoteka watu wenzao na kuwatoa damu ikatengenezwe dawa, na kwamba hutembea kwa gari lisilosikika, lenye magurudumu ya kigeni. Nani aliwahi kuliona? Kila mtu alikuwa na shemeji wa shemeji aliyeliona. Bibi yangu, mama mzazi wa Tata, ndiye alikuwa mwalimu mkuu wa somo hilo. Hakumwamini mtu. Alimshuku mpima kahawa, alimshuku mwinjilisti kwa kufumba macho mno wakati wa kusali, alimshuku hata jogoo akiwika saa isiyo yake. "Koku," aliniambia, "gari ukilisikia, kaa kando ya njia. Usipolisikia, kimbilia migombani."

Basi msimu mmoja wa mavuno ya kahawa, Tata alikwenda mjini akakawia kuliko kawaida. Mama alikuwa shambani kwenye kibanja. Mimi na Bibi tulikuwa uani tunageuza kahawa kwenye mikeka. Sikusikia kilima cha kanisa, sikusikia kwa Ta Ishengoma. Niliinua macho nikaona gari la Tata limesimama mbele yetu, limeinuka juu, na Tata anatabasamu ndani yake.

Bibi alikwisha fika migombani.

Lilikuwa limebadilishwa. Vile vigurudumu vyembamba vilivyokuwa vikizama kwenye kila tope vimetolewa, yamefungwa magurudumu mapana ya lori la jeshi, matairi yenye meno. Chini, bomba lilikuwa jipya, na katikati yake limeungwa kopo nene la chuma. Tata alisema linaitwa sailensa, na kwamba amefungiwa na fundi mmoja wa Bakoba, mtaa wa pale Bukoba mjini. Sauti iliyobaki ilikuwa ya kukoroma kidogo tu, ya mzee aliyeshiba.

"Gari lako umelifanya nini?" Bibi aliuliza alipotoka migombani, majani makavu kichwani.

"Nimelitengeneza, waitu," Tata alimjibu mama yake kwa heshima.

"Lilikuwa linaumwa?"

Tata akacheka, akaingia ndani. Hakusema zaidi, siku hiyo wala siku zilizofuata. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu mtu anayetumia jasho lake kuficha sauti ya gari lake lazima awe na jambo analolificha. Hivyo ndivyo kijiji kilivyofikiri. Nami nilifikiri hivyo hivyo.

Watu walianza kubeba mikungu yao kichwani kwenda mjini, huku gari la Tata linawapita nusu tupu. Shuleni wenzangu walisogea mbali na dawati langu. Alama za yale matairi yenye meno zikionekana njiani baada ya mvua, akina mama walizikwepa, wakawashika watoto mikono. Lakini kilichonionyesha kwamba hali imekuwa mbaya kweli kilikuwa kahawa ya kutafuna. Mnajua kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajaletewa kahawa kavu, achukue punje na kutafuna. Jioni moja nilifuatana na Tata kwa Ta Ishengoma. Tukaketi. Tukaketi sana. Mwisho Ta Ishengoma akatazama mlango na kusema, "Mtatusamehe, kahawa imetuishia." Msimu wa mavuno! Mikeka imejaa uani kwake mpaka hakuna pa kukanyaga! Tata aliinuka, akanishika mkono, tukatoka. Niliona uchungu, na wakati huo huo nilijiuliza mkono ule umefanya nini.

Nyumbani nako hapakuwa na amani. Mama alikuwa amekonda usoni na siku hizo alijitanda shuka hata jua likiwaka. Alikuwa amezaa watoto wawili baada yangu na wote aliwazika. Wa mwisho hakulia kabisa. Tangu hapo Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa, kila Tata alipoingia uani kimya kimya, alimtazama kwa jicho la pembeni. Nilimsikia akimwambia Bibi jikoni, "Zamani nilijua yuko wapi. Sasa anaweza kupita mlango wowote Bakoba nisijue." Bibi akamjibu, "Heri ingekuwa mwanamke."

Siku moja Tata amelala mchana, Bibi alinishika sikio tukaenda kulikagua gari. Nyuma ya kiti, chini ya turubai, tulikuta godoro la nyasi, mashuka meupe yaliyokunjwa vizuri, na beseni. Beseni jipya kabisa la bati. Bibi alilitazama mpaka nikasikia meno yake yakigongana. "Damu," alinong'ona, "hukingwa kwa kitu gani?" Nami, niliyekuwa nimelala kifuani kwa baba yule miaka yote ya maisha yangu, nilimwogopa. Nasema wazi, nilimwogopa Tata wangu. Usiku huo sikumpelekea maji ya kunawa.

Asubuhi moja ya mvua Mama alikaa chini ghafla jikoni, akashika nguzo, shuka likamdondoka. Ndipo nilipoona tumbo lake. Kwetu mimba ilikuwa haitangazwi. Mtoto asiyezaliwa hakuzungumziwa, sembuse na mwanamume, ili macho ya watu yasimfikie. Na baada ya wale wawili, Mama alikuwa ameificha hii hata kwa majirani. Bibi na Tata tu ndio waliojua. Uchungu ulikuwa umeanza, na mtoto hakuwa amekaa vizuri. Mkunga alikuja, akapapasa, akatikisa kichwa, akasema huyu ni wa hospitali, na upesi.

Tata aliharakisha kulileta gari mlangoni. Lilikuja bila sauti kwenye mvua, milango ya nyuma wazi, godoro limetandikwa mashuka meupe, beseni kando. Mama aliona vile vitu, akarudi nyuma. Bibi alisimama mlangoni ametanua mikono. "Humchukui," alisema. "Ulikwisha andaa kila kitu kabla. Nani alikuambia leo?" Majirani walikuwa wamekusanyika chini ya migomba, Ta Ishengoma akiwa mbele na panga lake la kukatia majani, na hakulishika kama mtu wa kukata majani.

Hapo Tata alifanya kitu ambacho mwanamume wa Kihaya wa siku zile hakukifanya. Alimtaja mtoto asiyezaliwa mbele za watu.

"Ni vya mtoto!" alipaza sauti. "Beseni ni la mtoto! Yule wa mwisho, mlikuwapo nilipokwama kwenye tope? Mlimwona mama yake anavyotapika kwa moshi unaopenya kwenye mbao? Mtoto alinifia njiani magurudumu yanazunguka bure. Nikasema huyu mwingine hatazaliwa kwenye moshi wala kwenye matope. Ningewatangaziaje? Nani hutangaza?"

Bibi aliziba masikio. Wengine wakainama. Lakini msidhani waliamini. Mwanamke mmoja alisema, tena kwa sauti, "Mumiani naye ana maneno matamu." Na mvua inazidi, na Mama anajikunja, na hakuna aliyesogea.

Ni Mama aliyekata shauri. Alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango, jasho linamtoka. "Tata Koku," alisema, "toa hicho kidude. Nikiondoka hapa nataka watu wanisikie mpaka nifike."

Tata alimtazama mara moja tu. Kisha alilala chali kwenye matope na kanzu yake safi, akaingia chini ya gari na nyundo. Tulimsikia akigonga na kuungua, akigonga na kuungua, maana bomba lilikuwa la moto. Lile kopo la chuma likatoka, likabingirika hadi miguuni pa Ta Ishengoma. Tata akawasha gari.

Mungu wangu, ile sauti! Ilikuwa mbaya kuliko ya zamani. Migomba ilitikisika, kuku wakaingia ndani, mtoto wa jirani akaanza kulia. Nami nikalia, kwa sababu alikuwa amerudi Tata ninayemjua. Ta Ishengoma alitupa panga, akamshika Mama upande mmoja, mkunga upande wa pili, wakampandisha. Bibi naye akapanda bila kualikwa. Walichomeka mashuka mawili kwenye nyufa za sakafu kuzuia moshi.

Walikwenda Rubya, huko Muleba, kwa sababu mama mdogo alikuwa ameolewa jirani na hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Bibi, Mlutheri wa kukata na shoka, aliwashuku Wakatoliki vilevile, lakini siku hiyo alilimeza hilo. Baadaye alitusimulia kwamba katika kila kijiji watu walitoka kutazama kuna nini, naye akatoa kichwa nje na kupiga kelele, "Sisi ni wa Kaagya! Tunakwenda Rubya! Mtuone vizuri!" Alitaka mashahidi wa njia nzima. Na kwenye ule mteremko wa tope, mahali mtoto wa mwisho alipofia, magurudumu yenye meno yaliuma ardhi, yakapanda bila kusimama. Bibi alisema hapo ndipo aliponyamaza.

Sisi tuliobaki tulisimama mvuani tukilisikiliza gari likishuka bonde, likipanda, likishuka tena, hadi likawa kama nyuki wa mbali, hadi likawa si kitu. Ta Ishengoma alinipeleka kwake. Akanipa kahawa ya kutafuna, mimi mtoto mdogo, kwa mikono miwili.

Mchana mmoja tukiwa uani tulilisikia kwenye kilima cha kanisa. Watu waliacha kazi. Gari lilisema wamerudi, ila halikuweza kusema wamerudi wangapi. Nilisimama njiani nikiwa nimeng'ang'ania kanga ya mke wa Ta Ishengoma. Halafu, juu ya ule mngurumo wote, nikasikia vigelegele vya Bibi.

Yule mtoto ambaye Mama alirudi amempakata, ndugu yangu, sasa ni mzee mwenye mvi na mkongojo. Magurudumu ya lori hayakutolewa kamwe. Sailensa Bibi aliitundika kwenye mti wa mbuni, akawa anaigonga kwa jiwe kutuita chakula, na ililia vizuri kuliko kengele ya kanisa.

Siku hizi vijana wa Bukoba wanatoa sailensa kwa makusudi, wanafunga rimu zinazong'aa, wanapita wakinguruma hata wagonjwa washtuke. Ukiwauliza wanampeleka nani wapi, hawampeleki mtu popote. Ndugu yangu hukaa barazani na kuwatukana: "Watoto wa siku hizi hawana adabu, kelele za nini?" Mimi humtazama tu. Wewe, nasema moyoni, wewe ndiwe wa kuuliza?

Lakini wanaonitisha si hao. Ni haya magari mengine, ya vioo vyeusi, yanayoteleza bila kuaga. Zamani mtu akichukuliwa na gari, kila kilima kilijua ni nani na anakwenda wapi, na hata waliomshuku walibaki wakimsikiliza. Siku hizi mtu huondoka, na nyuma yake hakuna aliyebaki akisikiliza. Nimempa mjukuu wangu sharti moja. Akiondoka, akifika kona ya kwa marehemu Ta Ishengoma, apige honi. Najua ananicheka, na huipiga kwa mbwembwe nyingi. Nami husimama mlangoni hadi niisikie, ndipo nirudi kwenye maharage yangu.