Mahali pa Kidole Gumba

Mamamkwe wangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki dhaifu, na kila alipokunywa uji ulimmwagikia kifuani. Nikamfinyangia bakuli lenye mbonyeo ubavuni, mahali pa kukaza kidole gumba. Muda si muda wanawake wengine wa kijiji chetu cha Wenje wenye mikono dhaifu wakataka ya kwao, na kila mmoja nilimpima kidole chake kwanza.

Siku moja, miaka ile ya hamsini, bwana maendeleo wa serikali alikuja kutoka Garsen kuchagua vyombo vya maonyesho. Alikuta mabakuli yangu kivulini, bado mabichi. Bila hata kuniuliza, alichovya vidole majini akaanza kuisawazisha ile mibonyeo.

"Mama, vyombo vizuri hufanana," alisema. "Hii ni kasoro."

Damu ilinichemka. "Bwana, haya yana wenyewe! Umewahi kula na mtu ambaye mkono wake haumtii?"

Alicheka. "Haya ni ya kutazamwa tu, hakuna atakayeyatumia kula."

"Basi hayaendi!"

Nilimpokonya bakuli nikaliponda mbele yake mpaka likawa donge. Na yale manne aliyokwisha kuyaharibu nikayaponda pia.

Aliondoka akinung'unika kwamba mimi ni mkaidi, na maonyesho yakafanyika bila chombo changu hata kimoja. Sikujali. Nilianza upya kesho yake, nikiwaita wale wanawake watano wenye mabakuli hayo waje tena na vidole vyao, nikabonyeza kila bakuli kwa kipimo cha mwenyewe.