Maua ya Mgeni Rasmi

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alinipeleka kwenye shamba la maua nje kidogo ya Mwandiga, mahali ambapo mtu analipa kiingilio halafu anajichumia mwenyewe. Usicheke. Na mimi nilidhani ananitania. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Kasingirima, na sijawahi kuona mtu mwenye akili zake akitoa hela ili apewe kazi ya shamba. Lakini ndiyo mambo ya siku hizi, na kwa kuwa huenda na wewe una mtoto wa ndugu mwenye simu nzuri na muda mwingi, acha nikuambie mapema utakachokutana nacho.

Kwanza utapokelewa na kijana aliyevaa mabuti ya mpira yasiyo na hata doa la tope. Atakupa ndoo ndogo, mkasi na kofia ya ukindu, halafu atakufundisha kuinama. Atasema ni vizuri kuja asubuhi kabla jua halijawa kali, na kuvaa viatu vinavyofunika vidole. Shina ukate kwa mshazari. Usikate ua ambalo halijafunguka, usikanyage tuta, na ukishakata litie majini papo hapo. Anayasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo. Mimi nilikuwa nayajua yote nikiwa darasa la sita, na hakuna aliyenipiga picha.

Halafu utawaona wateja wenzako. Mama mmoja alichuma waridi, akapiga nalo picha mpaka mkono ukamchoka, kisha akalitupa kwa sababu lilikuwa na mdudu. Baba mmoja alisimamishwa katikati ya alizeti akiwa na shati jeupe, mkewe anamwamuru atabasamu, naye uso umemkaa kama anasubiri kung'olewa jino. Pembeni wameweka moyo mkubwa wa waya uliozungushiwa maua ya plastiki. Ndiyo, ya plastiki, ndani ya shamba la maua, na foleni ndefu kuliko zote ilikuwa hapo. Nilidharau kila nilichokiona, na kusema kweli nilikuwa nafaidi kudharau, mpaka yule kijana alipotandaza mikono akasema, "Karibuni mama zangu. Chumeni lolote mnalolipenda. Hapa hakuna wa kuwakataza."

Hapo raha ikaniisha. Nikazunguka matuta yote na ndoo yangu nikatoka nayo tupu.

"Shangazi, mbona hujachuma hata moja?" binti akaniuliza.

Nikamwambia mgongo unaniuma. Ukweli ni kwamba mimi nimewahi kuwa huyo wa kukataza.

Unaikumbuka miaka ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yakishusha watu ufukweni tangu alfajiri, wamekimbia risasi za kwao Burundi, wamebeba watoto, masufuria na magodoro yaliyolowa. Shule yetu ya msingi, ambayo jina lake tuliache, ilitoa madarasa manne wakalala humo wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Sisi tukasomea nje chini ya michikichi. Asubuhi upepo ulituletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, na kuelekea mchana ikaja ya mawese yanayochemka kwenye nyumba za jirani, mpaka hesabu zikakosa maana kwa njaa. Harufu hizo nazipenda hadi leo. Walimu wangu siwezi kusema hivyo.

Mbele ya ofisi kulikuwa na bustani ya maua iliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ilikuwa na waridi, zinia, na yale ya njano yenye harufu kali ambayo hatukuyajua jina. Kila mwanafunzi alikuja na ndoo ya maji kutoka ziwani kila siku ya Mungu kuyamwagilia, huku nyuma ya ofisi wakimbizi wanagombania bomba moja, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeona kuna kasoro. Mwalimu mkuu aliyapenda yale maua kuliko alivyotupenda sisi. "Ua moja, viboko sita," alikuwa akituambia kila asubuhi mstarini, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Mimi alinichagua kiranja wa bustani, akanipa fimbo. Nilitembea na fimbo ile kwa maringo ambayo leo nikimwona mtoto nayo nitamzaba kofi.

Na tuliwadharau wale watu, tusidanganyane. Tuliwacheka miguu yao iliyopasuka na vitenge vyao. Mimi niliwadharau kuliko wenzangu wote kwa sababu walizungumza karibu sawasawa na bibi yangu. Kirundi na Kiha vimezaliwa tumbo moja, na Muha hahitaji mkalimani kwa Mrundi. Lakini shuleni aliyenaswa akisema Kiha alivishwa kipande cha mti shingoni mpaka jioni, nami nilishaamua kuwa mtoto wa mjini. Bibi akinisemesha Kiha nyumbani, nilimjibu kwa Kiswahili. Alikuwa akiniita "mgeni wetu", na mimi nikadhani ananisifu.

Siku moja tukatangaziwa kuwa mgeni rasmi anakuja kuwatazama wakimbizi. Mwalimu mkuu akaamuru lisiguswe hata jani mpaka shada la mgeni lifungwe. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa peke yangu bustanini, wenzangu wanafanya mazoezi ya wimbo, akaja mama mmoja kutoka darasa la nne, yaani chumba walichokuwa wakilala. Alikuwa peku. Alisimama nje ya mawe ya chokaa, hakuyavuka.

"Amahoro, mwana wanje," akanisalimia, yaani amani, mwanangu.

Akaniambia kwa Kirundi, taratibu, kwamba mtoto wake wa kiume amekufa alfajiri kwa kuhara. Watamzika kabla ya adhuhuri, pale nyuma ya michikichi. Sanda amepewa, mkeka amepewa, hata jembe la kuchimbia ni la kuazima. Anaomba maua mawili tu, ayachume yeye mwenyewe, ili mtoto aende na kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mama yake.

Nilielewa kila neno. Nikamwambia, "Sielewi. Ongea Kiswahili."

Akajaribu kwa mikono. Akaonyesha ua, kisha akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho. Mtoto mchanga angeelewa. Nikatikisa kichwa, nikamwelekeza darasani kwa fimbo yangu. Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa kama aliyekosea yeye, akaondoka. Mwalimu mkuu alikuwa dirishani. "Safi sana, kiranja," akasema, na mimi nikavimba kichwa.

Mgeni rasmi alikuja saa nne. Tuliimba. Maua yote ya bustani yalikuwa yamekatwa, mengine ya shada, mengine ya mezani, nami ndiye niliyemkabidhi shada lenyewe. Alilipokea bila kulitazama, akampa mtu aliyekuwa nyuma yake, naye akaliweka kwenye kiti, halafu mwingine akalikalia. Mgeni akachungulia madarasa mawili kwa mlangoni, leso puani, akauliza choo kiko wapi, akapanda gari. Mwalimu mkuu alicheka kila mgeni alipofungua mdomo, hata alipouliza choo. Kwa ajili ya mtu yule tulikuwa tumebeba maji ya ziwa muhula mzima.

Mchana nikakimbia nyumbani kumwambia bibi nilivyosifiwa. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, samaki wa migebuka wanachemka pembeni. Nikamsimulia yote, na kwa kujigamba kwangu nikamsimulia pia yule mama, na mkeka wa kupewa, na jembe la kuazima, na lile ombi lake la kuchuma kwa mkono wake. Bibi akaacha kusonga.

"Hayo yote alikuambia kwa lugha gani?" akaniuliza.

Nikageukia sufuria ya migebuka.

"Kumbe ulisikia vizuri," akasema. "Basi siku nikifa mimi, usije ukaniambia huelewi."

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliipua sufuria, akachukua ungo, akaenda uani kwenye maboga yake. Sisi tuna desturi ya kuchuma maua ya maboga kwa mboga, lakini bibi alizoea kuchuma yale matupu tu. Lile lenye kitumbo chini yake halikuguswa, maana hilo ndilo boga lenyewe. Siku ile alichuma yote. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na maua yameanza kujikunja, akayapanga kwenye ungo akayanyunyizia maji.

"Peleka," akasema. "Mwambie ulimsikia. Mwambie kwa lugha aliyokuombea."

Nikaenda na ungo kichwani, njia nzima nafanya mazoezi ya maneno. Nilisikia ulivyosema, mama. Nilikudanganya. Nisamehe. Kwa Kiha ni maneno machache tu. Nilipofika nyuma ya michikichi kaburi lilikuwa limeshafukiwa, kituta kidogo cha udongo mwekundu, na wanawake wamekaa chini kulizunguka. Nikateremsha ungo mbele ya yule mama. Akayatazama maua ya maboga. Akachukua moja, akalinyoosha kwa vidole likafunguka, akaliweka juu ya udongo. Akachukua la pili.

Mwanamke mmoja akaniuliza kwa Kirundi mimi ni mtoto wa nani. Kabla sijafungua mdomo, yule mama akamjibu kwa niaba yangu.

"Huyu hajui lugha yetu," akawaambia wenzake. "Msemesheni polepole. Asubuhi nilimwomba maua, hakunielewa, maskini, na tazama alivyohangaika mpaka akayaleta."

Kisha akanigeukia, akatafuta Kiswahili chake chote, kilikuwa kidogo. "Asante," akasema. "Mtoto mzuri."

Maneno yangu yalikuwa mdomoni, yote. Ningeyasema wakati ule, yule mama angejua kwamba asubuhi hapakuwa na mtoto asiyeelewa, palikuwa na mtoto aliyeelewa akamfukuza. Sikuweza. Nikajibu, "Karibu," kwa Kiswahili, nikachukua ungo wa bibi nikaondoka.

Kesho yake malori yakaja. Sijui yule mama aliangukia kambi ipi, wala kama alirudi kwao, wala kama yu hai. Michikichi ile imekatwa, na mahali pa kaburi pamejengwa vyumba vya kupangisha. Nilipopita pale mara ya mwisho, mtu alikuwa ameegesha pikipiki. Bustani ya shule imekuwa zege tupu, na sikuisikitikia hata kidogo. Ninachokisikitikia ni maboga ya bibi, ambayo msimu ule hayakuzaa hata moja, naye hakuwahi kulalamika. Bibi mwenyewe amekwenda zamani. Alipokata roho alikuwa akisema Kiha, na nilielewa kila kitu.

Jioni ile niliporudisha ungo alikuwa amekaa kizingitini akinisubiri. Akaniuliza kama nilimwambia yule mama. Nikamtazama machoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamjibu kwa Kiha, Kiha safi kabisa kilichomfanya atabasamu, kwamba nilimwambia.